Do Iliyogeuka Mi: Gabriel Fauré, Vita na Masikio Yaliyomsaliti

Tarehe 21 Mei 1921, jijini Paris, wapigaji watano walimaliza kupiga kipande kipya cha muziki na ukumbi mzima ukasimama. Watu walipiga makofi, wakapaza sauti, wakageukia upande alikoketi mtunzi. Akajitokeza mzee wa miaka 76, mwembamba, uso umempauka, amejifunika koti zito la baridi ingawa mwezi ulikuwa wa tano. Akainamisha kichwa kidogo. Mwanawe Philippe ndiye aliyesimulia baadaye jinsi mzee alivyoonekana usiku ule, na ndiye aliyetaja jambo linalofanya kisa hiki kisisahaulike: baba yake hakuwa amesikia chochote katika muziki ule.

Mzee huyo ni Gabriel Fauré, Mfaransa. Walioimba kwaya huenda wanamfahamu kwa Misa yake ya Wafu, ile *Requiem* tulivu isiyopiga kelele za hukumu ya mwisho. Lakini kazi ninazotaka kuzizungumzia ni nyingine, zile za uzeeni: sonata ya pili ya fidla na piano (1917), sonata mbili za selo, ile fidla kubwa ya sauti nene, na piano (1917 na 1921), kwinteti ya pili ya piano, yaani ya piano na nyuzi nne (1921, ndiyo iliyousimamisha ukumbi), trio ya piano, ya wapigaji watatu (1923), na kwateti ya nyuzi, ya wapigaji wanne (1924). Ni kazi sita ndani ya miaka minane. Zilianza wakati Ufaransa imezama katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na zote zimeandikwa na mtu ambaye masikio yake yalikuwa yameharibika kwa namna ya ajabu.

Kila anayeandika juu ya muziki huu hushika njia ileile: vita viliumiza, uziwi ukafunga, ndiyo maana muziki ukawa mkavu na wa ndani. Ni maelezo mazuri kwa sababu ni mepesi. Shida ni kwamba ukiyafuata kipande kwa kipande yanakatika katikati.

Tuanze na masikio, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Tukisikia "mtunzi kiziwi" tunamwazia Beethoven, yaani ukimya. Yaliyompata Fauré yalikuwa mengine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, akikaribia miaka 60, sauti zilianza kumfifia, na kisha zikaanza kuhama mahali pake. Nota nene za chini zilimfikia zimepanda, kiasi cha hatua mbili hivi za ngazi ya muziki. Nota nyembamba za juu zilimfikia zimeshuka kwa kiasi kama hicho. Za katikati zilibaki mahali pake, ila zilikuwa hafifu.

Kwa mtu wa kwaya jambo hili linaeleweka mara moja. Chukua mwafaka wa mwisho wa wimbo wowote, yaani nota zinazolia pamoja. Sauti ya nne, besi, wameshika do. Sauti ya tatu wapo kwenye so, sauti ya pili kwenye mi, na sauti ya kwanza wanamalizia na do ya juu. Sasa usikie kwa masikio ya Fauré. Besi wanaimba do, wewe unasikia mi. Soprano wanaimba do, wewe unasikia la. Wa katikati wako sawa. Kwa hiyo badala ya do, so, mi, do, unapokea mi, so, mi, la. Ile do iliyokuwa nyumba ya wimbo mzima haipo tena, wala hakuna aliyekosea. Mimi nilizomewa ujanani katika kwaya kwa sababu mpiga kinanda alisahau kitufe cha kupandisha ufunguo, tukaanza wimbo nusu yetu huku na nusu yetu kule. Ile fujo ya sekunde tano mbele ya waumini ndiyo Fauré aliyoishi nayo miaka ishirini, na kwake hapakuwa na kitufe cha kurudisha.

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, wenye maelfu ya chembe zilizoota vinyweleo. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba. Zilizo mwisho wa mzunguko hupokea sauti nene. Kila eneo lina nota zake, kama funguo za piano zilivyopangwa. Chembe za eneo moja zikichoka au zikifa, sauti iliyokuwa yao inaweza kudakwa na majirani, na ubongo, usiojua kwamba huko kuna msiba, huisoma kana kwamba ni nota ya hao majirani. Ndivyo mtu anavyoweza kusikia kitu kilichopigwa sawasawa akaapa kwamba kimepinda.

Na huyu hakuwa mzee aliyestaafu kijijini. Mwaka 1905 aliteuliwa mkurugenzi wa Conservatoire ya Paris, chuo kikuu cha muziki cha taifa, akakipangua na kukipanga upya kwa ukali hadi wakampachika jina la Robespierre, yule mwanamapinduzi wa kukata vichwa. Yaani mtu aliyesimamia mitihani ya waimbaji na wapiga fidla wa nchi nzima alikuwa anasikia nota zikihamahama. Aliificha hali hiyo kadiri alivyoweza, akishika kazi hadi mwaka 1920, alipoondoka akiwa na miaka 75.

Swali linalofuata ni lile kila mtu huuliza: alitungaje basi?

Jibu lake ni jepesi kuliko linavyodhaniwa. Wewe unaposoma maneno haya huyatamki. Unayasoma kimoyomoyo, na bado unayasikia. Mwalimu wa kwaya aliyekomaa hufanya hivyohivyo na nota: anafungua karatasi ndani ya daladala, anaona besi wanaingia baada ya alto, na kichwani kwaya nzima inaimba bila abiria wa jirani kujua. Fauré alifundishwa kusikia kimoyomoyo tangu akiwa mtoto wa miaka 9, alipotolewa kwao kusini na kupelekwa bweni la shule ya Niedermeyer, Paris, iliyowaandaa wapiga ogani na viongozi wa kwaya za kanisa. Ubongo wake ulikuwa na miaka hamsini ya mazoezi kabla masikio hayajaanza kuleta ukaidi. Kilichoharibika ni mlango wa kuingilia. Chumba cha ndani kilikuwa salama.

Alichopoteza ni kitu kingine, na nadhani kilimuuma zaidi: muziki wa wenzake, na wake mwenyewe ukipigwa na wengine. Mtunzi wa kawaida huandika, huenda mazoezini, husikia, hurekebisha. Kwake mazoezi yalikuwa mateso, kwa sababu kadiri wapigaji walivyopiga vizuri ndivyo alivyosikia vibaya. Juni 1922 taifa lilimfanyia heshima kubwa pale Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, Rais Millerand akiwepo, kazi zake zikapigwa moja baada ya nyingine. Mheshimiwa wa siku alikaa pale kama mgeni asiyejua lugha ya sherehe yake mwenyewe.

Smetana, mtunzi wa Bohemia, nchi ya Wacheki, aliyepata uziwi mwaka 1874, aliuingiza ugonjwa ndani ya muziki: katika kwateti yake ya kwanza, ya mwaka 1876, sehemu ya mwisho inakwenda kwa furaha, ghafla fidla inatoa nota moja nyembamba, ndefu, kama sindano. Ni ule mlio uliokuwa ukimlilia sikioni. Kwa Fauré hutapata kitu cha namna hiyo. Hakuna mahali anapokwambia "nasikia hivi". Aliwahi kumwandikia Philippe kwamba kwake kazi ya sanaa, na hasa muziki, ni kutuinua mbali kadiri iwezekanavyo juu ya mambo yalivyo. Kwa mtu mwenye msimamo huo, kuweka mlio wa sikio lake ndani ya kwateti ingekuwa kama kutundika cheti cha daktari sebuleni.

Hata hivyo kuna hoja moja ya uziwi ambayo siwezi kuitupa. Wanaosema kwamba masikio yalimbana huonyesha kwamba muziki wake wa uzeeni unapenda kukaa katikati, kule ambako nota zilimfikia sawa. Na kweli, angalia nani anafungua mlango. Kwinteti ya pili inaanza na viola, ndugu mnene wa fidla, anayezungumza juu ya mawimbi ya piano. Trio inaanza na selo. Kwateti ya nyuzi inaanza na viola tena. Piano nayo mara nyingi hukusanya mikono katikati ya ubao wa funguo, zile za pembezoni zikipumzika.

Lakini mapenzi hayo ya katikati hayakuanza na ugonjwa. Mtu aliyelelewa kwenye kwaya na ogani hujifunza mapema kwamba utamu wa mwafaka unakaa kwa sauti ya pili na ya tatu, wale ambao hakuna anayewapigia makofi. Kisha, katika sehemu ya pili ya kwinteti hiyohiyo, piano inakimbia ngazi kama mtoto aliyefunguliwa mlango, nyuzi zikidonolewa kwa vidole. Hapo huoni mtu anayeogopa pembezoni. Mimi nalichukulia hivi: mwenye jino bovu upande wa kulia hutafuna kushoto. Uziwi haukumtungia muziki, ila yawezekana ulimsogeza zaidi upande ambao tayari aliupenda.

Sasa vita, na hapa fundo linakaza.

Vita vilipolipuka kiangazi cha 1914, Fauré alikuwa Ujerumani. Alikuwa na kawaida ya kwenda nje likizo ili apate kutunga kwa utulivu, na nusura akwame huko. Alipenya hadi Uswisi, kisha akarudi Paris, na hakutoka tena Ufaransa hadi mapigano yalipokwisha. Vita havikuwa vigeni kwake: mwaka 1870, akiwa kijana wa miaka 25, alijiunga na jeshi na kupigana karibu na Paris iliyokuwa imezingirwa na Waprusia, Wajerumani wa kaskazini. Safari hii ilikuwa zamu ya Philippe kuvaa sare.

Ungetegemea mtu wa namna hiyo awe wa kwanza kuchukia kila cha Kijerumani. Camille Saint-Saëns, mtunzi, mwalimu wake wa tangu shuleni na rafiki wa maisha, alikuwa mstari wa mbele wa waliotaka muziki wa Wajerumani ususiwe. Fauré alikataa kujiunga nao. Kwake muziki ulikuwa wa nchi iliyo juu ya nchi zote, na kuulazimisha useme mambo ya taifa moja ni kuushusha. Urafiki wao haukuvunjika, jambo linalosema mengi juu ya wote wawili. Na kazi iliyomkaa mezani miaka ileile ilikuwa nini? Kuhariri muziki wa piano wa Schumann, Mjerumani, kwa ajili ya mchapishaji Durand, kwa kuwa matoleo yaliyokuwa yakichapwa Ujerumani hayakupatikana tena. Vita vyenyewe ndivyo vilivyomkalisha na Schumann asubuhi hadi jioni.

Mlinganishe na Claude Debussy, mtunzi mwenzake wa Paris. Yeye alianza mwaka 1915 kuandika sonata zake za mwisho, na kwenye jalada aliongeza neno moja chini ya jina lake: mwanamuziki Mfaransa. Alikufa kwa saratani Machi 1918, mizinga ya Wajerumani ikiipiga Paris. Debussy alitaka ijulikane yuko upande gani. Fauré hakuandika kitu kama hicho kwenye jalada lake, ila sonata yake ya pili ya fidla aliitunukia Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, mpiga fidla na malkia wa nchi iliyokuwa karibu yote mikononi mwa Wajerumani. Atakaye kuona siasa hapo anaweza kuiona. Lakini ipo kwenye ukurasa wa kwanza, si ndani ya nota.

Tufike kwenye sonata ya kwanza ya selo, ile wanayoitaja sana watu wa "muziki wa vita". Aliiandika kiangazi cha 1917 huko Saint-Raphaël, pwani ya kusini. Huo ndio mwaka ambao mashambulizi ya Ufaransa pale Chemin des Dames yaliambulia patupu na askari wakaanza kugoma. Sehemu ya kwanza ya sonata hiyo inaanza bila salamu: selo inarusha vipande vifupi vyenye ncha, piano inagonga nje ya mapigo, hakuna pa kupumzikia. Si ajabu msikilizaji akasikia mizinga.

Ila wazo lile kuu halikuzaliwa 1917. Fauré alilitoa kwenye simfoni yake, kazi ya okestra ya mwaka 1884, ambayo hakuridhika nayo, akaiondoa na kuiharibu. Wazo lilikuwa na miaka 33 na lilizaliwa wakati wa amani. Sehemu ya polepole ya sonata ya pili ya fidla nayo imetoka kwenye simfoni hiyohiyo. Hata kwateti ya mwisho, ile wanayoisikiliza wakitafuta sauti ya mtu anayeaga dunia, inajenga sehemu yake ya kwanza kwa mawazo ya konseto ya fidla (fidla moja mbele ya okestra) aliyoiacha bila kuimaliza mwishoni mwa miaka ya 1870, alipokuwa na miaka 33 au 34. Mzee anaaga kwa maneno ya kijana.

Je, hiyo inaua hoja ya vita? Inaua ile nusu inayosema vita viliuandika muziki. Lakini mtu mwenye sanduku la nguo kuukuu akitoa vazi fulani siku fulani, uchaguzi wa siku hiyo una maana. Wazo lile lilikaa kimya miaka thelathini na tatu. Lilitoka wakati mwanawe yuko jeshini. Tena amelibana: yale ya 1884 yalikuwa ya okestra nzima, haya ya 1917 ni ya watu wawili chumbani, na kila kilichokuwa pambo kimekatwa.

Mahali ambapo vita vinagusika waziwazi ni pawili, na yote ni baada ya bunduki kunyamaza. Mwaka 1921 serikali ilimwagiza wimbo wa maziko kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 100 ya kifo cha Napoleon, tarehe 5 Mei, pale Invalides, jengo la Paris lenye kaburi lake. Bendi ya kijeshi ikaupiga. Mwendo wake ulimganda Fauré kichwani, na mwaka uleule akaufanya kuwa sehemu ya polepole ya sonata ya pili ya selo. Umekuwa mwingine kabisa. Ukiondoa tarumbeta na kofia za majenerali, kinachobaki ni mtu mmoja anayetembea nyuma ya jeneza ambalo halikutajwa ni la nani, mwaka wa tatu tangu nchi ilipomaliza kuzika vijana wake.

Pa pili ni nje kidogo ya muziki wa vyombo. Kiangazi na vuli ya 1921 alitunga nyimbo nne kwa mashairi ya Jean de La Ville de Mirmont, kijana wa Bordeaux aliyeandika juu ya bahari na merikebu ambazo hakupata kuzipanda. Aliuawa mstari wa mbele Novemba 1914, akiwa na miaka 27. Mzee wa miaka 76 asiyesikia akamtilia sauti kijana aliyenyamazishwa. Na hapo pia muziki hauombolezi. Unatazama bandari, na upepo umo.

Msikilizaji mpya hupata ugumu na kazi hizi, na ni vema tuseme kwa nini, maana sababu si uziwi wala vita. Ni mizizi. Pale Niedermeyer watoto walilishwa nyimbo za kale za Kanisa, zile za Kigregori, ambazo hazijengwi kwa ngazi ya do hadi do peke yake. Zinaweza kukaa kwenye re au kwenye mi na kuiita nyumbani. Aliyewahi kuimba Kigregori parokiani anajua ile hali ya wimbo unaokwisha bila mlango kufungwa kwa kishindo. Fauré aliichukua hali hiyo akaiingiza kwenye miafaka ya kisasa, na uzeeni akaifanya ndiyo kawaida. Unadhani muziki unaelekea nyumbani, kumbe umepita nyuma ya nyumba na unaendelea. Melodia zake ni ndefu, na kilele hujengwa polepole kama maji ya bamvua: hukuona wimbi kubwa lolote, ila ukiangalia tena mashua imeelea. Anayesubiri kishindo atalala. Mimi mwenyewe trio ilinichukua mwaka mzima kuipenda, na nilianza kuipenda siku nilipoacha kuisubiri ifanye kitu, nikaifuata selo peke yake mwanzo hadi mwisho.

Septemba 1923, akiwa Annecy-le-Vieux karibu na milima ya Alps, alimwandikia mkewe kwamba ameanza kwateti ya nyuzi bila piano. Aina hii, alisema, Beethoven ndiye aliyeipa umaarufu, na wote wasio Beethoven huiogopa. Hakuwa anatania sana. Piano ilikuwa mkongojo wake maisha yote. Karibu kila kitu alichokitungia kikundi kidogo cha vyombo kina piano ndani. Sasa aliitupa, akiwa na miaka 78, amechoka, na masikio yamekwisha. Alianza na sehemu ya katikati, ile ya polepole, kisha akarudi mwanzoni, akaimaliza ya mwisho Septemba 1924, akiwa Annecy-le-Vieux tena. Alama za kupaza na kupunguza sauti na za mwendo wa uta hakuwahi kuzikamilisha. Alimwachia kazi hiyo mwanafunzi wake wa zamani, Roger-Ducasse.

Kulikuwa na waliojitolea kumpigia kwateti hiyo aisikie. Alikataa. Kichwani alikuwa nayo nzima, kila nota mahali pake, na alijua vizuri ni kitu gani masikio yake yangemletea badala yake.

Alikufa Paris tarehe 4 Novemba 1924. Kwateti ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza Juni 12 mwaka uliofuata. Jacques Thibaud, mpiga fidla mashuhuri kuliko wote waliokuwa jukwaani, alishika fidla ya kwanza, lakini ilibidi asubiri. Anayeanza ni Maurice Vieux, mwenye viola: anatoa swali fupi kwa sauti ya katikati, na fidla inamjibu.